Kibadaga kinastahili mstari wake, si kivuli cha Kikannada

Ukiketi na wazee wa Kibadaga kwenye milima ya Nilgiri, kusini mwa India, unaweza kusikia silabi be ikitamkwa mara tatu usijue kwamba umetajiwa vitu vitatu. Ya kwanza ni mdomo. Ya pili ni bangili, nayo hutamkwa ncha ya ulimi ikiwa imepindwa kidogo kwenda nyuma, kuelekea juu ya kaakaa. Ya tatu ni mazao ya shambani, na hapo ulimi hupindwa zaidi. Hakuna konsonanti iliyoongezwa. Tofauti yote imo ndani ya irabu yenyewe, katika pembe ya ulimi.

Mwanaisimu Murray Emeneau, aliyefanya utafiti India kati ya 1935 na 1938, alichapisha mwaka 1939 makala kuhusu irabu hizi. Kwa maelezo yake, Kibadaga kilikuwa na irabu tano za msingi, kila moja ikiwa fupi au ndefu, na kila moja ikitamkwa kwa namna tatu: ulimi umenyooka, umepindwa nusu, umepindwa kabisa. Jumla ni irabu 30. Lugha inayotumia hatua mbili za kupinda ulimi ili kutofautisha maana ya maneno ni adimu mno duniani, ndiyo maana wataalamu wa fonetiki Peter Ladefoged na Ian Maddieson walipoandika juu ya sauti za lugha za ulimwengu hawakuweza kukipita Kibadaga.

Naanza na hilo kwa sababu lugha hii imekaa muda mrefu ikihesabiwa kama kipande cha lugha nyingine. Robert Caldwell, askofu aliyeweka msingi wa isimu linganishi ya Kidravidi, familia kuu ya lugha za India Kusini, kwa kitabu chake cha 1856, hakukipa Kibadaga nafasi ya lugha inayojitegemea. Alikiona kuwa lahaja ya kale ya Kikannada, lugha kubwa ya jimbo jirani la Karnataka. Sensa ya India mpaka leo inakiweka humo humo, bila mstari wake katika majedwali makuu. Ninachosema ni kwamba Caldwell alikuwa sahihi kuhusu nasaba na akakosea kuhusu hadhi, na kosa hilo limebebwa kutoka vitabuni hadi ofisini, ambako linawaumiza watu.

Tuanze na nasaba, maana hapo pana utajiri.

Familia ya Kidravidi ina lugha kama 80 na wasemaji wanaozidi milioni 200. Watafiti huigawa katika matawi manne. La kaskazini lina Kibrahui, kinachosemwa mbali kule Balochistan nchini Pakistan, pamoja na Kikurukh na Kimalto. La kati lina lugha ndogondogo kama Kikolami na Kiparji. La kusini-kati linaongozwa na Kitelugu, likiwa pia na Kigondi na Kikui. La kusini ndilo lenye Kitamil, Kimalayalam, Kikannada, Kitulu, Kikodava, na lugha za Nilgiri zenyewe: Kitoda, Kikota, Kiirula, lugha za Wakurumba, na Kibadaga. Kwa hiyo swali la tawi halina mjadala. Swali ni kwamba ndani ya tawi hilo la kusini, Kibadaga kimekaa karibu na nani?

Njia ya kujibu ni kutafuta mabadiliko ya sauti yanayojirudia neno kwa neno. Msomaji wa Kiswahili anaijua njia hii hata kama hajaisomea: pale mtu wa Unguja anaposema njia, mtu wa Lamu husema ndia, na ulinganifu huo hujirudia katika maneno mengine mpaka ukaweza kuutegemea.

Chukua maziwa. Kitamil husema pāl, Kimalayalam pāl, Kitelugu pālu, Kikota pāl. Kikannada cha kale nacho kilisema pāl. Kisha, kuanzia kama karne ya 10, maandishi ya Kikannada yaliyochongwa kwenye mawe yanaanza kuonyesha p ya mwanzo wa neno ikigeuka h, na baada ya karne chache mageuzi yakawa yamekamilika: leo Mkannada husema hālu. Mbadaga naye husema hālu. Kijiji cha Kibadaga huitwa hatti, na Kikannada kina neno lilelile. Wakota, wanaoishi mlima mmoja na Wabadaga na kusikia lugha yao kila siku, wamebaki na p yao.

Chukua na v. Kitamil kina vāy kwa mdomo, na vaḷai kwa bangili. Tendo la mazao kustawi na kukomaa ni viḷai. Kikannada kiligeuza v ya mwanzo kuwa b: bāyi, baḷe, beḷe. Sasa rudi kwenye zile be tatu za Kibadaga, utaona zimetoka wapi. B ni ile ya Kikannada. Sauti ya ḷ, inayotamkwa ulimi ukiwa umepindwa nyuma, imemezwa. Lakini ilipoondoka iliacha mpindo wake juu ya irabu. Kibadaga kimefuta konsonanti na kuhifadhi mwendo wa ulimi uliokuwa mali ya konsonanti hiyo. Mimi naliona hili kuwa mojawapo ya mambo mazuri kabisa katika historia ya lugha za India Kusini, na nasikitika kwamba halijulikani nje ya vyumba vya wataalamu.

Hapa pana tahadhari moja ambayo wapenzi wa lugha huisahau. Kufanana peke yake hakuthibitishi udugu wa karibu. Sikio kwa Kitamil ni cevi, kwa Kikannada ni kivi, na Kibadaga kina k kama Kikannada. Mtu anaweza kukimbilia hapo kama ushahidi. Lakini Kitoda na Kikota nazo zina k katika neno hilo, kwa kuwa k ndiyo sauti ya zamani, na Kitamil na Kimalayalam ndizo zilizohama. Ndugu wawili wanaweza kuhifadhi urithi uleule bila kuwa wameishi pamoja. Kinachothibitisha ni mageuzi mapya waliyoyafanya kwa pamoja, na Kibadaga kinashiriki mageuzi ya p kuwa h pamoja na Kikannada, wakati Kikodava, Kitoda na Kikota hazimo. Kwa hiyo Kibadaga kilitengana na Kikannada kwa kuchelewa, baada ya wale wa milimani kushika njia zao kitambo. Caldwell alisikia vizuri.

Ila kutoka shina moja na kuwa lahaja ni mambo mawili. Kimalayalam kilitengana na shina lake la pamoja na Kitamil katika zama za kati, na hakuna anayethubutu leo kumwambia mtu wa Kerala kwamba anasema lahaja ya Kitamil. Kibadaga kimeishi karne kadhaa juu ya mlima, mbali na shule na waandishi wa Mysore kwenye nyanda za Kikannada, kimejenga mfumo wa irabu ambao Kikannada hakina, na kimepewa kazi za kufafanua sarufi na msamiati wake kama lugha yenyewe. Christiane Pilot-Raichoor alikifanyia uchambuzi mpana wa sarufi. Yeye na mwanaanthropolojia Paul Hockings walitoa kamusi ya Kibadaga na Kiingereza mwaka 1992. Watu waliokaa nacho kwa miaka mingi hawakukichukulia kama Kikannada kilichoharibika.

Majirani nao wamechangia kukifanya kiwe kilivyo. Nilgiri ni uwanda wa juu wenye kilele cha Doddabetta kinachofika mita 2,637, na kwa karne nyingi jamii zake ziligawana kazi. Watoda walifuga nyati na kutunza maziwa kwa ibada kamili. Wakota walikuwa wahunzi, wafinyanzi na wapiga muziki. Wakurumba walitoka msituni na asali, na walihofiwa kwa uchawi. Wabadaga walilima, nafaka yao ikawafikia wengine wote. Katika mzunguko huo Kibadaga ndicho kilichokuwa lugha ya kukutania. Mtoda na Mkota walikijua. Mwanaisimu Kamil Zvelebil, aliyeichunguza Kiirula, alisisitiza kwamba Nilgiri itazamwe kama eneo moja la lugha ambamo sifa huvuka kutoka jamii hadi jamii bila kujali nani ni ndugu wa nani. Irabu zisizo za kawaida ni mfano wake: Kitoda, Kiirula na lugha za Wakurumba nazo zina irabu ambazo Kitamil cha tambarare hakina. Basi hata kile kinachokitenga Kibadaga na Kikannada pengine kilipata malezi yake katika ujirani huo.

Sasa tuje kwenye ugomvi ambao wengi huuzunguka.

Simulizi iliyozoeleka vitabuni ni kwamba Wabadaga walipanda milimani kutoka nyanda za Mysore baada ya dola ya Vijayanagara kushindwa vitani Talikota mwaka 1565. Jina lao lenyewe linahusishwa na upande wa kaskazini. Padri Mjesuti Giacomo Fenicio, aliyepanda huko mwaka 1603 akitokea pwani ya Malabar, aliwakuta tayari wana vijiji. Wabadaga wengi wa leo wanaikataa simulizi hii, au angalau wanakataa kuitwa wahamiaji, na kwa miaka mingi wamedai kuingizwa katika orodha rasmi ya makabila yanayolindwa na katiba ya India. Orodha hiyo inahusu nafasi za masomo, ajira za serikali na viti vya uwakilishi. Watoda na Wakota wamo. Wabadaga hawamo.

Naelewa kwa nini mtu aliyesimama katika dai hilo anaiogopa ile h ya hālu. Ikiwa lugha yangu inaonyesha undugu wa karibu na Kikannada, mpinzani wangu atasema: unaona, wewe ni mgeni hapa. Ndiyo sababu baadhi ya watetezi wa Kibadaga wanapenda kukisogeza mbali na Kikannada na kukiweka karibu na Kitoda, au kukifanya cha kale kuliko vyote. Kwa maoni yangu njia hiyo ni ya hasara. Ushahidi wa sauti ni mgumu na hautabadilika kwa sababu za siasa. Zaidi ya hayo hauthibitishi anachodai mpinzani. Historia ya lugha hutueleza lugha ilitoka wapi. Haituelezi kila babu wa kila ukoo alitoka wapi, kwa kuwa watu huhama lugha bila kuhama ardhi, na makundi madogo huyeyuka ndani ya makundi makubwa. Hata tukikubali simulizi yote ya 1565 kama ilivyo, jamii iliyolima mlima mmoja kwa zaidi ya miaka 400 ina hoja ya haki inayojitosheleza, bila kuhitaji irabu zitoe ushahidi wa uongo.

Kwa hiyo Kibadaga kimebanwa pande mbili: wanaokifuta kwa kukiita lahaja, na wanaokipenda lakini wanamkana ndugu yake.

Upande wa kwanza ndio wenye nguvu ya dola, basi tuuangalie kwa karibu. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu watu 133,550 waliotaja Kibadaga kuwa lugha mama. Miaka 10 kabla, mwaka 2001, walikuwa 134,514. Katika muongo huo watu wa India waliongezeka kwa karibu asilimia 18, na wasemaji wa Kibadaga wakapungua. Huo ni mlio wa kengele. Lakini ukifungua majedwali makuu ya lugha hauusikii, kwa sababu Kibadaga kimewekwa chini ya Kikannada, ambacho hesabu yake ilikuwa watu milioni 43 na zaidi. Upungufu wa elfu moja ndani ya milioni 43 hauonekani hata kidogo.

Linganisha na Kikodava, lugha ya Kodagu, magharibi ya Karnataka. Sensa hiyohiyo ilikihesabia wasemaji 113,857, wachache kuliko wa Kibadaga, nacho kina mstari wake mwenyewe miongoni mwa lugha 99 zilizo nje ya orodha ya lugha zilizotajwa katika katiba. Kimeanguka vibaya tangu 2001, na kila mtu anayetaka kujua anaweza kuona kimeanguka kwa kiasi gani. Sioni kigezo cha kiisimu kinachoeleza kwa nini mmoja apewe mstari na mwingine afichwe. Kitoda na Kikota hali yao ni mbaya zaidi, kwa kuwa lugha yenye wasemaji chini ya 10,000 haitajwi kabisa katika majedwali hayo, na wao hawafiki hata 2,000 kila mmoja.

Kisha ongeza mpaka wa jimbo. India ilipopanga upya majimbo yake kwa misingi ya lugha mwaka 1956, Nilgiri ilibaki upande wa Madras, ambayo leo ni Tamil Nadu. Matokeo yake ni haya: kwa takwimu, Mbadaga ni Mkannada, kwa utawala, shule na mabango ya barabarani, yuko chini ya Kitamil. Karnataka haina mamlaka juu ya shule za miji ya Nilgiri: Ooty, Coonoor wala Kotagiri. Tamil Nadu haina msukumo wa kugharimia lugha ambayo makaratasi yanasema ni ya jirani. Mtoto anasoma kwa Kitamil au Kiingereza. Bei ya majani mabichi ya chai, zao la biashara la Wabadaga wengi, ilipoporomoka mwishoni mwa miaka ya 1990, wakulima wadogo wengi waliona mashamba hayawalishi tena, na vijana wakateremka Coimbatore na miji mingine kutafuta kazi. Huko nyumba moja ya Wabadaga imezungukwa na nyumba 100 za Watamil. Hata mwigizaji Sai Pallavi, Mbadaga wa Kotagiri ambaye vijana wa kwao wanamwonea fahari, amepata jina kwa filamu za Kimalayalam, Kitamil na Kitelugu.

Kinachopotea hakiishii kwenye hesabu. Kibadaga kina hazina kubwa ya simulizi, methali, sala na nyimbo, na sehemu ya kutikisa moyo ni sala ya mazishi. Charles Gover, mkusanyaji wa nyimbo za India Kusini, aliandika kuihusu mwaka 1871. Mzee husimama mbele ya maiti na kuzitaja dhambi moja baada ya nyingine, za marehemu na za waliomtangulia: aliua nyoka atambaaye, alisogeza jiwe la mpaka, alisema uongo. Kila anapotaja moja, waliosimama huitikia kwamba ni dhambi. Ndama huletwa, dhambi zikabidhiwe kwake, kisha anaachiliwa aende zake. Maneno ya sala hii yamepangwa kwa mizani na kurudiarudia kunakohitaji mtu aliyeikulia lugha. Ukiitafsiri kwa Kitamil, maana itafika, lakini mapigo yake yatabaki nyuma.

Na zile irabu 30? Watafiti wa baadaye waliporudi milimani walikuta wasemaji wakitofautisha mpindo katika irabu chache tu. Mfumo ambao Emeneau aliukuta ukifanya kazi umepukutika ndani ya umri wa mtu mmoja. Lugha yenyewe bado ina watu zaidi ya laki moja, hivyo mtu wa takwimu atasema haiko taabani. Lakini sehemu iliyokuwa yake peke yake katika familia nzima ya Kidravidi ndiyo iliyotangulia kuondoka.

Suala la maandishi nalo linachelewesha mambo. Kitabu cha awali kilichochapwa kwa Kibadaga ni cha wamisionari wa Basel, kilichotoka Mangalore mwaka 1890 kwa hati ya Kikannada. Leo watu wengi wa Nilgiri hawaisomi hati hiyo. Wanaisoma ya Kitamil, na kwenye simu wanaandika kwa herufi za Kirumi. Wapo wanaobuni hati mpya ili lugha ionekane kamili. Naiheshimu nia yao, lakini sikubaliani nao. Hati ya Kitamil ipo mikononi mwa kila mtoto wa Nilgiri tayari. Inahitaji alama chache za kuonyesha irabu zilizopindwa na sauti ambazo Kitamil hakizitofautishi kwa maandishi, kama b na p. Kuitumia hakukifanyi Kibadaga kuwa Kitamil, kama vile herufi za Kirumi zisivyokifanya Kiswahili kuwa Kilatini. Miaka 20 ya kubishania umbo la herufi ni miaka 20 ambayo wazee wenye irabu zao wanazikwa bila kurekodiwa.

India ilipaswa kufanya sensa mwaka 2021. Iliahirishwa, na sasa tarehe iliyotangazwa ya kuhesabu ni Machi 1, 2027. Wakala wa sensa atafika kwenye hatti moja baada ya nyingine na kuuliza lugha mama ya kila aliyemo. Wabadaga wajibu Kibadaga, hata wale wa Coimbatore ambao watoto wao wanacheza kwa Kitamil. Na Msajili Mkuu wa India akitoa majedwali, Kibadaga kiwekwe na Kikodava na Kitulu miongoni mwa lugha zenye mstari wake. Hilo halihitaji marekebisho ya katiba wala fedha mpya. Ni uamuzi wa namna ya kupanga safu. Vyuo vikuu vya Tamil Nadu na Karnataka, kwa upande wao, vina wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Wapelekwe Nilgiri na vinasa sauti vizuri, waanzie kwa wanawake na wanaume waliozaliwa kabla ya 1950, na waanze na mdomo, bangili na mazao.